Senene Wenye Jina la Atugonza

Haya hayajatokea bado, lakini siku yakitokea yatakuwa hivi, na yatamkuta mwanamke kama Ma Kagemulo, mwenye magoti yanayolia na moyo usiokubali kuaibika mbele ya mgeni.

Alikuwa ameinama sebuleni anawabadilishia senene nyasi. Kizimba chao kilisimama ukutani, kirefu kama kabati la vyombo, kuta za wavu mwembamba, na juu yake taa ya buluu ya kuwapa joto. Mlangoni pake palibandikwa kibao chenye jina: ATUGONZA. Hilo lilikuwa jina la mjukuu wake, na lilikuwa pia jina la kila senene aliyekuwa akiruka humo ndani.

Siku hizo pale Bushenya, juu ya mlima unaoitazama Bukoba, kila nyumba yenye mgonjwa kama Atugonza ilikuwa na kizimba cha namna hiyo. Mtoto huyu alizaliwa na ngozi isiyojua kufunga. Akikwaruzwa na mwiba leo, mwezi ujao mkwaruzo bado uko palepale, mbichi. Mama yake, binti pekee wa Ma Kagemulo, aliondoka na ugonjwa huohuo. Baba yake yu mbali, migodi ya chini ya bahari, sauti yake husikika tu simu ikikubali. Basi Gonza alilelewa na bibi, na wakati huo alikuwa kalazwa kituoni kwa Daktari Byera, kidonda cha mguu kimeanza kuutafuta mfupa.

Daktari Byera alikuwa msichana mwembamba, mwenye subira na wazee. Siku alipowafundisha wafugaji wa senene wenye jina, hakufungua kitabu. Alisimamisha mchi kwenye kinu akasema, "Bibi zangu, mwili wa mtu ni kijiji, na kila seli ni nyumba. Nje ya kila nyumba pana nguzo. Mguu wa nguzo umefukiwa ndani, kiuno kimepenya ukuta, kichwa kimetokeza nje, na kichwani zinaning'inia nyuzi za sukari. Vitabuni inaitwa sindekani. Sisi tuiite nguzo. Habari ikipita njiani, 'kua,' 'funga kidonda,' 'sasa basi, acha,' inanasa kwenye zile nyuzi. Nguzo ikishaipokea, mguu unaipeleka ndani. Nguzo za Gonza zimeota vichwa vibovu. Habari zinapita mlangoni kwake kama mgeni asiyeona nyumba."

"Sasa senene anaingiaje hapo?" Ma Kagemulo aliuliza.

"Senene naye anazo, bibi. Inzi anazo, nyuki anazo, ng'ombe, wewe, mimi. Vichwa vinatofautiana, kila mnyama na chake. Lakini mguu! Mguu ule wa ndani ni uleule karibu wote. Mababu wa senene na mababu zetu waliachana kabla bahari haijaona samaki, na tangu hapo mguu haukubadilishwa, maana kila aliyejaribu kuubadilisha hakuishi kusimulia."

"Kwa hiyo mimi na senene ni ndugu."

"Ndugu wa mguuni."

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Daktari akaendelea. Kwa kuwa mguu ni mmoja, mwili wa senene haushtuki ukipewa kichwa cha mtu. Kwa hiyo watu wa kituo husoma kichwa kizima ambacho Gonza angepaswa kuzaliwa nacho, chenye sura yake na alama za ukoo wake, kisha hukiandika kwenye mayai ya senene. Senene wakikua, nguzo zao zinaota miguu ya kisenene na vichwa vya Gonza. Wakikomaa wanakamuliwa, maji yao yanachujwa, mtoto anatundikiwa dripu.

"Ila chunga sana," alisema, na hapo hakucheka. "Asiwekwe senene wa kizimba hiki kwenye kizimba kile. Kichwa cha mgeni kikiingia kwenye damu ya mtoto, mwili utakikataa, na ukikataa utawaka kama nyasi za kiangazi. Kwa ngozi kama ile hatutaweza kuuzima."

Daktari alisema pia wasiliwe, maana ni dawa. Lakini watu wa Bushenya walilielewa kwa namna yao. Kama ukoo mmoja usivyogusa nyama ya nyani na mwingine usivyogusa kambale, vivyo hivyo senene wenye jina wakawa mwiko wa nyumba yao. Kumla senene mwenye jina la mtoto wako kulihesabiwa kama kumla mtoto. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

*

Mgeni alifika bila kubisha hodi ya simu. Ma Kagemulo alisikia tu kikohozi uani, akatoka, akamkuta Ta Rwechungura, babu yake Gonza wa upande wa baba, ametoka Muleba na kofia yake pana, anajifuta jasho kwa kiganja.

"Karibu waitu, Ta Rwechungura. Umekuja kimya kama mvua ya usiku," akamkaribisha kwa neno la heshima.

"Mvua ya usiku ndiyo inayoonyesha paa linapovuja," akasema, akaketi barazani bila kungoja kiti.

Ma Kagemulo alijua kilichomleta. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Tangu binti yake azikwe, huyu mzee alikuwa akituma maneno kwamba damu yake haiwezi kulelewa kwenye nyumba ya mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu. Akamletea buni za kutafuna kwenye kibakuli cha majani, kama heshima inavyotaka. Mzee akatia mbili mdomoni, akasikiliza.

Ndani ya nyumba senene walikuwa wanalia.

"Ama kweli," akasema. "Nyumba inaimba senene, na mgeni anatafuna buni."

"Wale ni wa dawa, waitu. Ni wa Gonza."

"Najua ni wa Gonza, mimi si mtoto. Nauliza wa kuliwa. Huu si mwezi wake?"

Ulikuwa mwezi wake kweli. Lakini senene wa porini walikuwa wameacha kuja tangu mvua za vuli zilipoanza kujiamulia. Waliobaki walifugwa mabandani, wakauzwa sokoni Jumamosi, na siku hiyo haikuwa Jumamosi.

"Kwangu," mzee akaendelea, anacheka na pengo lake, "msimu ukija, ukikosa, mke wangu hakosi wa akiba. Mwanamke wa Kihaya akimkosesha mkwe senene, hata migomba inamcheka. Lakini sikulaumu, Ma Kagemulo. Umechoka. Ndiyo maana nasema mtoto akitoka kituoni aje kwangu, nawe upumzike."

Maneno yale yalimwingia Ma Kagemulo mahali ambapo hata kifo cha binti yake hakikupafikia. Akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Tunao waitu. Ulidhani nitakuacha uondoke hivihivi? Nenda kaangalie kibanja, umsalimie na marehemu kaburini kwake. Ukirudi utakuta."

Mzee akaenda. Ma Kagemulo akaingia ndani, akafunga mlango wa mbele, akasimama mbele ya kizimba.

Ni wengi, alijiambia. Bakuli moja halitaonekana. Wanazaana hawa. Na kabla hajamaliza kujiambia, mlango wa kizimba ulikuwa umeshafunguka.

Mikono yake ilikuwa imeshika senene tangu haijajua kushika kalamu. Iliingia humo ikafanya kazi iliyoizoea. Ilipita kwa wembamba, ikawaacha. Ilichukua wanene, wale wa tumbo zito wanaong'aa, kama mwanamke yeyote wa pale anavyochagua wa kukaanga. Akawang'oa mabawa, akawang'oa miguu, akaosha, akatia chumvi, akabandika sufuria. Wakaanza kutoa mafuta yao wenyewe, na harufu ikajaa jiko.

Na hapo ikaja shida ambayo hakuitegemea. Enzi za usichana wake, wanawake ndio waliookota senene, wanawake waliowapukusa mabawa na kuwakaanga, na wanaume ndio waliokula. Nyumba nyingi zilishaiacha desturi hiyo. Kwa mama yake haikuachwa, na Ma Kagemulo naye aliishikilia kwa kiburi cha kusema mimi nimelelewa. Alizeeka anawapikia wengine. Siku ile, peke yake, huku mzee yuko makaburini, alichukua mmoja aonje chumvi. Akachukua wa pili. Kisha akaenda akafunga mlango wa jikoni, akarudi, akala kwa kiganja, amesimama, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akijua ni nani. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: alikuwa anajua ni nani.

Waliobaki aliwapanga kwenye jani la mgomba, akampelekea mkwe barazani kwa magoti.

"Ma Kagemulo!" mzee akasema na mdomo umejaa. "Hawa umewatoa wapi? Tangu mvua ziharibike sijala senene wenye mafuta namna hii. Hawa wamelelewa kwa mkono!"

"Kula waitu."

"Nakula, unadhani nachezea?" Akala mpaka jani likabaki na chumvi, kisha akalipangusa kwa kidole. Alipoinuka kuaga alikuwa mtu mwingine. "Basi mtoto abaki. Nyumba isiyokosa senene haikosi malezi. Nitawaambia hivyo kule Muleba."

Ma Kagemulo akamsindikiza mpaka njia panda, anatabasamu, ulimi wake mzito kama uliolala na sarafu ya shaba.

*

Asubuhi alipoamka, nyumba ilikuwa kimya mno. Wembamba waliobaki walikuwa wamejikunyata pembeni, mmoja mmoja anakwaruza. Simu ikaita, uso wa Daktari Byera ukatokea.

"Bibi, umeamkaje? Tunaukaribia wakati. Kidonda cha Gonza hakitungoji, nataka tumtundikie mapema. Sikia, ukiwaleta nichagulie wanene, wenye tumbo. Hao ndio waliokomaa, ndio waliobeba nguzo. Wembamba bado hawana kitu ndani."

"Wanene," Ma Kagemulo akarudia.

"Ndiyo. Wanaendeleaje?"

"Hawajambo."

Uso ukazimika. Akakaa chini pale pale mbele ya kizimba. Kama angekuwa mwizi wa kawaida, mgeni asiyejua senene, angechota ovyo na wanene kadhaa wangebaki. Ujuzi wake ndio uliomaliza kizimba. Hakumwacha hata mnene mmoja.

Alifikiri kusema. Aliyapanga maneno, akayaona yanavyotoka: nimempikia Ta Rwechungura mjukuu wake, akala, akasifu. Mzee yule asingeinua uso tena Muleba, watu wangemwita mla damu mpaka kaburini. Gonza angechukuliwa siku hiyohiyo. Na yeye mwenyewe, nani angepokea kikombe mkononi mwake? Kila alipoyafikisha maneno midomoni yalirudi tumboni, na tumboni alijua kuna nini.

Jumamosi akateremka sokoni na kikapu chenye mfuniko. Mwanamke anayeuza senene hai alimchangamkia. "Shikamoo bibi. Wa kukaanga au wa kufuga?"

"Wa kukaanga."

"Chukua hawa, wamenona. Mzee wa nyumbani atakupenda upya."

"Atanipenda wapi, alishakufa."

"Basi atafufuka!"

Wanunuzi wakacheka. Ma Kagemulo akacheka nao, akarudi nyumbani, akawamwaga wageni wale kwenye kizimba cha mjukuu wake. Wakaruka, wakatambaa, wakaanza kulia kwa kelele. Wale wembamba waliobaki akashindwa kuwatambua tena. Kwa macho walikuwa senene walewale. Kibao kikaendelea kusema ATUGONZA.

Moyoni alijifariji kwa neno moja: mashine ya kituo, ile inayopima maji ya senene, itawakataa. Mashine haidanganywi. Itawasha taa nyekundu, daktari atasema senene wameharibika, itakuwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina mwenyewe.

*

Mashine iliwasha kijani.

Ma Kagemulo aliitazama taa ile kama mtu anayetazama mlango uliokataa kufungwa. Daktari Byera alikuwa amekamua na kuchuja mbele yake, maji yakabaki kwenye chupa, meupe kidogo kama maji ya mchele.

"Nguzo tele!" daktari akasema. "Sijawahi kupata nyingi namna hii. Bibi, unawalisha nini?"

"Daktari," akasema polepole, "hicho kipimo kinajuaje kwamba ni za Gonza?"

"Hakijui. Kinashika mguu, siyo kichwa. Mguu ni uleule kwa wote, ndiyo maana kipimo kimoja kinatosha vizimba vyote. Kingekuwa cha kichwa, ningehitaji kipimo kipya kwa kila mtoto, na kituo hiki kingefungwa. Kinaniambia tu nguzo zipo, tena za kutosha." Akainua chupa kwenye mwanga. "Kwamba ni za nani, hilo nawaachia nyie. Nani atamchanganyia mtoto wake mwenyewe?"

Akawaita wafugaji wengine waliokuwa wakingoja kwenye benchi. "Njooni muone kazi ya Ma Kagemulo. Mimi huwafundisha, lakini huyu angenifundisha mimi."

Wakaja, wakamshika mikono, wakamwita fundi. Mmoja akamuuliza siri yake. Alitamani sakafu ipasuke, lakini sakafu ilikuwa ya saruji nzuri.

Na kama hiyo haikutosha, sauti ikatoka mlangoni: "Nipisheni, nipisheni, mimi nina deni hapa." Ta Rwechungura akapenya katikati yao na kofia yake, kwapani ana kitu kimefungwa kwa karatasi. Akakifungua mbele ya watu wote. Kilikuwa kitenge kipya, cha kijani, rangi yenyewe ya senene.

"Zamani," mzee akawatangazia, "mwanamke akikulisha senene wa msimu, unamvisha. Vijana wa leo mmesahau. Huyu hapa alinilisha senene wakati wengine mnalia hakuna! Simama sawasawa, Ma Kagemulo."

Akamtandikia kitenge mabegani. Watu wakapiga vigelegele. Nguo mpya ilikuwa na harufu ya dukani, na chini ya harufu hiyo Ma Kagemulo alisikia nyingine, ya mafuta, ingawa haikuwapo.

"Senene, msimu huu?" Daktari Byera akasema huku anaandika kibandiko cha chupa. "Una bahati, mzee."

"Nina mkwe," mzee akajibu.

*

Gonza alikuwa kitandani ameinuliwa mto, mguu wake umeviringwa bendeji mpaka gotini. Alikuwa mtoto wa miaka minane mwenye macho ya mtu mzima aliyekaa sana hospitali. Alipowaona akaanza kwa kuchokoza.

"Babu, kofia yako inaweza kulaza ng'ombe wawili."

"Na wewe mmoja," akasema mzee. "Ukipona nitakulaza humo nikubebe mpaka Muleba ukasalimie, kisha nikurudishe kwa bibi yako."

"Bibi, umevaa nini? Umekuwa senene!"

Ma Kagemulo akasogea kando ya kitanda.

Daktari akatundika chupa, akaunganisha mrija na sindano iliyokuwa tayari mkononi mwa mtoto. Gonza akaitazama chupa. Akaipungia kwa kidole, akasema kwa adabu, kama anavyofundishwa kupokea wageni, "Karibuni ndani."

Maji yalianza kushuka kwenye mrija. Daktari alikuwa ameshika kile kigurudumu kidogo cha kufungulia. Ma Kagemulo aliyaona maji yanavyokuja. Hakuna neno lililotangulia. Mkono ndio uliotangulia. Uliruka ukaukunja mrija, ukaubana ndani ya ngumi.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Yasiingie."

"Niachie, bibi, utamuumiza."

"Siyo wake," akasema. "Wa humo siyo wake. Ni wa sokoni."

Daktari hakuelewa. Kisha akaelewa. Akafunga kigurudumu, akauchomoa mrija kwenye sindano, akashusha chupa, akaiweka mezani mbali na kitanda kwa mikono miwili kama mtu anayebeba nyoka. Ndipo Ma Kagemulo akafungua ngumi.

"Wake wako wapi?" daktari akauliza kwa sauti ndogo.

Ma Kagemulo akatazama sakafu. "Walipikwa."

"Walipikwa na nani?"

"Na mimi. Nyumba ilikuwa na mgeni. Sikuwa na senene wa kumpa. Nikachukua bakuli moja, nikachagua... nikachagua wanene."

Ta Rwechungura alikuwa bado na tabasamu la zamani, lile lililosahaulika usoni. Likaondoka polepole. Akaitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akatazama kidole kile alichopangusia jani.

"Ma Kagemulo," akasema. "Mimi nilikula nini kwako?"

Ma Kagemulo akakunja pindo la kitenge.

"Nakuuliza mbele ya mtoto. Nilikula nini?"

"Unajua waitu."

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Walimsikia ukumbini akiharakisha, kisha wakasikia anatapika kwenye majani nje ya dirisha, tumbo lisilo na kitu linajikamua, maana yale aliyoyatafuta yalishakuwa mwili wake siku nyingi.

Daktari Byera akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ningemuua," akasema. "Mkono wangu huu, bibi. Ningeyaachia, nimwambie lala vizuri, niende kunywa chai. Na mashine ingeniambia nimefanya sawa."

"Nilidhani itawakataa."

"Kwa hiyo uliiachia mashine ikusemee."

Neno hilo lilikuwa kweli tupu, na Ma Kagemulo hakupata pa kuliepa. "Ndiyo."

Daktari akajipangusa uso. Alipozungumza tena alikuwa anazungumza kazi. "Mbegu hatukuiweka. Wale waliokomaa ndio waliokuwa mbegu. Lazima tuanze upya, nisome kichwa tena kutoka kwenye ngozi yake, kwenye paja, palipo pazima. Nikate kipande leo. Na pale nitakapokata," akamtazama Ma Kagemulo, "hapatafunga mpaka senene wapya wakue. Atakuwa na vidonda viwili. Kama kile cha mguu kitakubali kungoja. Sikuahidi."

"Chukua kwangu," akasema Ma Kagemulo. "Kata kwangu, popote."

"Kwako hapana sura yake, bibi. Ingekuwa hivyo tusingefuga senene."

Ta Rwechungura akarudi, akasimama mlangoni, anapangusa mdomo kwa mkono wa shati. Hakuingia. Gonza alikuwa ametulia muda wote huo, anamtazama mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anavyofuatilia mpira. Alikuwa ameelewa, lakini kwa mpangilio wake mwenyewe.

"Bibi," akasema. "Walikuwa watamu?"

Daktari akageuka. "Gonza, babu ndiye aliyekula, bibi hakujua ladha..."

"Namuuliza bibi."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi hapo. Daktari alikwisha kumfungulia. Ilitosha kunyamaza tu, au kusema mwulize babu yako, na hata mzee pale mlangoni asingepinga. Ma Kagemulo aliiona njia ile kwa macho. Akaangalia uso wa mtoto, wenye sura ileile iliyokuwa imeandikwa ndani ya kila mmoja wa wale aliowang'oa mabawa.

"Walikuwa watamu, mjukuu wangu," akasema. "Nilifunga mlango wa jikoni nikala. Nilikuwa najua ni wako."

"Wengi?"

"Kiganja tele."

Ta Rwechungura akatoa sauti, siyo neno. Gonza akafikiri. Akavuta shuka mwenyewe, akalifunua paja lake lililo zima, jembamba, lisilo na alama, akalisogeza upande wa daktari.

"Basi kata," akasema. "Lakini yeye asinishike."

Daktari akangoja, labda mtoto atageuza neno. Hakugeuza. Akamtazama mzee. Ta Rwechungura akaingia, akapita mbele ya mkwe wake bila kumgusa nguo, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka mikono yake mikubwa juu ya goti na kiuno cha mtoto. Gonza akaishika yeye.

Ma Kagemulo akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alitaka kukivua kile kitenge, akaona kukivua mbele yao kungekuwa kujitafutia huruma, akakiacha. Akabaki amesimama na viganja vyake wazi, havina kazi, anasikiliza kisu kidogo kinavyookotwa kutoka kwenye sahani ya bati.